Tela kwa Verlin, Mashua kwa Ardis

Jina la mto silitaji. Anayetaka kununa na anune. Nimezaliwa kwenye pwani hii ya mvua, nimekulia ndani ya buti za mpira, na huku kwetu mtu atakutajia mshahara wake, maradhi yake, na hata mchumba aliyemkimbia mlangoni mwa kanisa, lakini mto anaovulia stilihedi hakutajii ng'o. Tuuite mto tu, yatosha.

Basi Jumanne moja, wiki ya mwisho ya Machi, Ardis Niemela alikuwa amekaa mezani kwake na kikombe cha kahawa, akitazama kipimo cha maji kwenye simu. Ardis alikuwa mpishi mkuu wa shule yetu miaka thelathini na mmoja. Watoto mia tatu kila siku, na hata siku moja chakula hakikuchelewa, umeme uwepo usiwepo. Mtu wa namna hiyo humfundishi kupanga safari.

"Kesho mvua," alisema. "Keshokutwa mvua mpaka saa sita mchana, halafu inakatika. Ijumaa baridi kavu. Leo mto uko futi tano. Alhamisi utapanda mpaka nane, maji yatakuwa chai ya maziwa. Jumamosi asubuhi tutaukuta futi sita unashuka, rangi ya chupa ya kijani."

Baba yake, mzee Toivo, alikuwa upande wa pili wa meza akichovya mkate wa iliki kwenye kahawa. Ana miaka themanini na minne, na masikio yake yanasikia kila asichotakiwa kusikia.

"Na mvua isipokatika?"

"Itakatika."

"Kakwambia nani?"

"Mimi."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Alipenda sana binti yake anapojiamini hivyo, na alijua kwamba mara nyingi huwa kweli.

Stilihedi, kwa asiyemjua, ni samaki aina ya trauti aliyekataa kukaa nyumbani. Huzaliwa mtoni, huenda baharini akala akashiba miaka miwili mitatu, kisha hurudi mtoni kwake na nguvu za kumtoa mtu mzima machozi. Unaweza kutupa mshipi siku ishirini usimguse hata mmoja, na siku ya ishirini na moja akakuvuta mara moja tu, ukawa umekwisha, huna tena habari ya kitu kingine maisha yako yote. Mzee Toivo alivutwa hivyo akiwa na miaka kumi na mitatu.

Msimu ulikuwa unafungwa Jumamosi hiyo jua likizama, mpaka Desemba. Na daktari wa moyo alikuwa amemwambia mzee bila kuzunguka: "Msimu huu nenda, ujao tusiahidiane." Januari na Februari zikapita kwa mafuriko. Miguu ya mzee haikuweza tena kusimama kwenye maji ya kasi; bila mashua asingefika popote. Alikuwa amemshika Ardis mkono akamwambia, "Nataka anivute mmoja, mwanangu. Mmoja tu. Kisha fimbo zangu za kuvulia uzigawe." Ardis akajibu, "Utampata," kama anayemwambia mtoto kwamba viazi viko tayari.

Ndiyo, lakini mashua.

Mashua ilikuwepo, kwenye banda la Ardis, nyuma ya nyumba. Nzuri kweli, ya mbao za mwerezi, pua juu, tumbo bapa, kila msumari waliupigilia yeye na Verlin Pruett, miaka ile walipovua pamoja. Walivua pamoja misimu ishirini na miwili, watu wakadhani ni ndugu. Kisha wakagombana, na walipogawana, Ardis akabaki na mashua, Verlin akaondoka na tela na makasia. Sasa niambie, mashua bila tela inakwenda wapi? Na tela bila mashua si magurudumu mawili tu ya kuotea majani? Miaka mitatu kila mmoja alivuka barabara asikutane na mwenzake, na hakuna aliyekubali kununua nusu aliyokosa. Ukaidi wa watu wa huku, Mungu atusamehe.

Waligombania picha. Mwaka ule, Februari, Ardis alimtoa stilihedi mrefu kama mguu wa mtu, kwenye shimo lao la siri ambalo wenyewe waliliita Kwa Shangazi, kwa sababu hawakuwahi kuondoka pale na njaa. Verlin akampiga picha. Picha safi, samaki nusu ndani ya maji, Ardis meno yote nje. Ila nyuma yake ulionekana mgongo wa mlima wenye vipara viwili, na chini yake mwerezi uliopasuliwa na radi. Watu wa kwingine wakiona picha ya samaki humtazama samaki. Sisi tunatazama nyuma ya samaki. Alhamisi moja picha ikaonekana imebandikwa kwenye kioo cha Mosher kinyozi. Jumamosi yake mashua kumi na moja zilikuwa zimejipanga Kwa Shangazi kama kwenye gati.

Verlin alimuuliza swali moja tu: "Ni wewe?"

Ardis akasema, "Ni mimi."

Hakuwa yeye. Alikuwa baba yake. Ardis alimpa mzee nakala moja ya siku ya kuzaliwa, na mzee, kichwa kimemvimba kwa fahari ya binti yake, akaipeleka mwenyewe kwa Mosher. Kesho yake moyo ukamzidi, akalazwa wiki mbili. Alipotoka picha ilikwisha banduliwa, na hakuna aliyemwambia lolote. Ardis ndiye aliyetaka iwe hivyo, na Mosher naye akaombwa afunge mdomo. Mzee hunywa kahawa kila asubuhi na wavuvi wenzake pale pale kwa Mosher, na anayevujisha shimo la watu havutiwi kiti. Akaona heri wamnyime kiti yeye, mwenye afya yake. Baba yake alipouliza kulikoni na Verlin, alimjibu kwamba waligombania rangi ya mashua.

Jumatano, mvua ikimwagika kama alivyosema, Ardis aliingia duka la vifaa kununua ndoana na nyuzi za sufi nyekundu. Dot mwenye duka akamuuliza, "Haya, Jumamosi mnaelekea wapi?"

Ardis akataja mto ulio kusini, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Mto mzuri huo," akasema Dot, naye akijua fika ni uongo, na wanaume wawili waliokuwa wakichagua mishipi wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ndiyo adabu yetu. Ungesema kweli mle ndani, wangeshtuka kuliko ungevua nguo.

Alhamisi mvua ikakatika saa sita na dakika ishirini. Ardis alitoka nje, akatazama mbingu, akatazama saa yake. "Dakika ishirini si mbaya," akasema, akachukua funguo za pikapu.

"Unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Kwa Verlin. Kuazima tela."

"Wee! Basi na mimi naja. Hayo siyakosi."

Alimkatalia, akambembeleza, wapi. Mzee alikwisha vaa kofia. Ardis akamkalisha ndani ya gari, akamfunga mkanda na kumwagiza asibanduke pale.

Verlin Pruett alikuwa kwenye karakana yake, mikono myeusi kwa grisi. Aliendesha greda la barabara maisha yake yote, na anaongea vivyo hivyo, polepole huku akisukuma. Nyuma yake Ardis aliliona tela. Matairi yamejaa upepo. Makasia yametundikwa ukutani, yamepakwa vanishi, yanang'aa. Hilo alilielewa, maana na yeye kila vuli aliipaka mashua mafuta, hajui kwa ajili ya nani.

"Umepotea njia?" Verlin akasema.

"Njia naijua. Nimekuja kuazima tela na makasia. Jumamosi moja tu, halafu nakurudishia."

"Mto gani?"

Alimuuliza kama Dot alivyouliza, akingojea uongo wake wa heshima. Ardis alikuwa ameupanga uongo mzuri njia nzima. Akauacha.

"Mto wetu," akasema. "Tunashusha mashua kwenye daraja la zamani saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu tuko Kwa Shangazi. Tunatokea kwenye machimbo ya kokoto saa tisa. Maji futi sita yanashuka. Baba mbele, mimi kwenye makasia."

Verlin akaiweka chini spana yake. Alikuwa hajaambiwa ukweli kamili wa safari ya mtu tangu walipoachana.

"Mzee hajambo?"

"Daktari hataki kuahidi msimu ujao."

Verlin akachungulia nje, akaiona kofia ndani ya pikapu, akainua mkono. Kofia ikainua mkono. Ardis akadhani yamekwisha, akaanza kulisogelea tela.

"Ngoja," Verlin akasema. "Tela utapata. Mzee Toivo simnyimi kitu. Lakini uniambie kwanza. Miaka mitatu najiuliza. Kwa nini, Ardis? Misimu ishirini na miwili, hujawahi hata kuropoka ukiwa umelewa. Kwa nini ukaibandike kwa Mosher?"

"Yamepita hayo."

"Kwako yamepita. Kwangu bado yamekaa hapa." Akajigusa koo.

Ardis alihisi jibu la kweli limemjaa mdomoni. Alilitamani kuliko kitu chochote. Akalirudisha.

"Nilitaka sifa," akasema. "Haya. Nilitaka watu wamwone samaki wangu. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Ila nimesikia."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Kumbe mzee hapendi kioo kilichofungwa, aliteremsha dirisha zamani, na hakuna neno lililompita. Akaja na fimbo yake ya kutembelea, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni mwa karakana.

"Picha gani?" akauliza. "Ile ya kwa Mosher?"

"Baba, rudi ndani, kuna baridi."

"Ile niliipeleka mimi." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nilimwambia Mosher aibandike juu kabisa, kila anayenyolewa amwone binti yangu. Ilikuwa siku moja kabla sijalazwa. Kwani kulikuwa na nini?"

Ikabidi Verlin aseme, na alisema kwa upole ambao hatukumzoea nao.

"Mashua kumi na moja, Mzee. Jumamosi ile, Kwa Shangazi. Mlima ulionekana nyuma."

Mzee Toivo akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tela lenyewe. Alifumba macho, na nadhani alikuwa akiiangalia picha ile upya, mara hii akitazama nyuma ya samaki, kama alivyopaswa tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyewafundisha wote wawili kutazama hivyo. Fahari ilimtia upofu siku moja tu.

"Rangi ya mashua," akasema. "Uliniambia mligombania rangi ya mashua."

"Ulikuwa mgonjwa, Baba."

"Nilikuwa mgonjwa, sikuwa mtoto! Umebeba aibu yangu miaka mitatu huku mimi nakaa kwa Mosher nakunywa kahawa na kutoa mawaidha?" Alikasirika, tena alikasirika kwa mapenzi, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote. Kisha akanyanyuka. "Basi, Verlin, tela lako baki nalo. Jumamosi siendi."

"Baba!"

"Aliyevujisha shimo hapandi mashua kwenda kwenye shimo. Ndivyo nilivyofundishwa, na nyinyi niliwafundisha hivyo hivyo. Siwezi kuwa na sheria ya watu na sheria yangu mwenyewe."

Akageuka kurudi garini. Ardis alisimama pale, yeye wa watoto mia tatu, yeye wa dakika ishirini si mbaya, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na mpango wowote. Alijua akimsihi atamkaza zaidi. Alijua pia kwamba Jumamosi ni moja. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa koti.

Verlin alikuwa amelitazama tela muda wote huo.

"Mzee," akaita. "Shimo lililovujishwa lilikuwa la nani?"

Mzee akasimama. "Lenu."

"Basi mwenye kuibiwa ni mimi na huyu. Huyu alikwisha kukusamehe kabla hujaulizwa. Nimebaki mimi, na mimi sijasema usipande." Akamgeukia Ardis, na uso wake ulikuwa umekunjuka, ingawa sauti ilibaki ile ile ya greda. "Na wewe, mpango wako una kasoro."

Ardis akapandisha pumzi. "Kasoro? Mpango wangu?"

"Saa tatu hamfiki. Wiki iliyopita mti umeanguka kwenye mkono wa kushoto, chini ya daraja. Nimetembea kwa miguu nimeuona. Lazima mpite kulia, na kulia kuna mawe. Kunataka mtu wa makasia anayekushinda."

"Kunishinda mimi? Thubutu!"

"Mzee mbele, mimi katikati na makasia, wewe nyuma unyamaze kama utaweza. Tunashusha saa kumi na mbili kamili. Chakula lete wewe. Na kamera hakuna."

"Haki kabisa," akasema mzee Toivo kutoka kwenye mlango wa pikapu, na alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu. "Mkate wa iliki, Ardis. Na yule samaki wa kukaushwa kwa moshi. Na soksi zangu nene ziko wapi?"

Jumamosi kwenye daraja la zamani Ardis alikimulika kipimo kwa tochi ya kichwani. "Futi sita kasoro inchi moja," akatangaza, na hakuna aliyethubutu kumtania juu ya inchi ile. Walikaza kulia kwenye mti, Verlin akarudisha makasia nyuma kwa nguvu, mashua ikacheza kati ya mawe mawili na kuteleza salama, na Ardis, mdomo ukimwasha, akasema, "Si vibaya kwa mzee wa greda." Ndiyo maneno ya kwanza ya urafiki, ingawa nyinyi wageni msingeyatambua.

Kwa Shangazi palikuwa patupu. Maji ya kijani, yanapita polepole juu ya mawe makubwa, na mlima wa vipara viwili umekaa pale pale. Verlin akashusha nanga. Mzee alirusha mshipi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Miguu ilikuwa imemwacha, lakini mikono ilikuwa mikono ya zamani. Mara ya tano mshipi ukasimama, kama umenasa kwenye jiwe. Kisha jiwe likaondoka.

"Oo!" mzee akapiga ukelele. "Oo, jamani! Ananivuta!"

"Mwache aende, Baba!"

"Usinifundishe, niache!"

Samaki alikwenda, akaruka nje ya maji mara mbili, mweupe, mnene, akaishusha fimbo ikawa upinde. Verlin aling'oa nanga akaifuata njia yake, taratibu, mpaka mashua ikakaa kwenye kokoto za kando. Wakamshusha mzee, wakamkalisha juu ya jiwe, maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu, Ardis amemshika mkanda kwa nyuma. Dakika kumi na mbili. Kisha stilihedi akalala ubavu, na mzee akampitishia kiganja chini ya tumbo. Alikuwa wa porini, pezi lake dogo la nyuma, ambalo wa kufugwa hukatwa, liko zima, na sheria hairuhusu wa porini kutolewa majini. Mzee asingemtoa hata kama ingeruhusu. Alikuwa analia wazi wazi, hana habari.

"Piga picha," Verlin akasema.

Ardis akamgeukia. "Umesema kamera hakuna."

"Nimesema. Simu umeileta au hukuileta?"

Alikuwa ameileta, bila shaka, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mkate. Verlin akautazama mlima uliokuwa nyuma ya mzee, vipara vyote viwili, na mwerezi wa radi. Akatukana kidogo. Akarudi kwenye mashua, akavuta lile turubai la buluu la kufunikia, akaingia mtoni mpaka magotini, akasimama nyuma ya Toivo Niemela na kulitandaza kwa mikono yote miwili, juu, kama anayeanika shuka.

"Haraka, bibie! Mabega yananiua, na huyo samaki apumue!"

Ardis akapiga mara moja. Mzee akafungua kiganja, na samaki akaenda zake.

Ukiingia kwa Mosher leo utaikuta imebandikwa juu kabisa, pale pale ilipokuwa ile nyingine. Wageni humsifu samaki. Sisi wengine, kama ada yetu, tunasogeza pua na kutazama nyuma yake, na nyuma yake ni turubai tu, buluu kutoka pembe hadi pembe, hakuna mlima wala mti. Mzee Toivo hukaa chini yake na kahawa yake na kutuacha tuhangaike. Ila ukiangalia vizuri, kwenye kona ya juu kushoto, utaviona vidole vinne vyenye grisi, vimelishika turubai lisianguke.